Kauli Kuu ya Hoja katika Uandishi wa Historia: Mfano wa Rwenzururu katika Kasese na Bwera, Magharibi mwa Uganda

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna kauli kuu ya hoja inavyoundwa katika maandishi ya historia, na namna umbo lake linavyoathiri sera. Mfano unaotumika ni harakati za Rwenzururu katika eneo la Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, kuanzia Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 hadi matukio ya mwaka 2016. Makala inadai kwamba tofauti kati ya maandishi yaliyosaidia kueleweka kwa harakati hizo na yale yaliyozifunika haikuletwa na wingi wa data pekee. Ililetwa hasa na sentensi moja inayobeba hoja: je, ilimtaja mtenda, ilibainisha wakati, ilitoa sababu, na ilikubali kupingwa kwa ushahidi? Makala inahitimisha kwa kupendekeza vigezo vinne vya kupimia kauli ya aina hiyo kabla haijawa msingi wa ushauri wa kisera.

Istilahi muhimu: kauli kuu ya hoja, uandishi wa historia, Rwenzururu, Kasese, Bwera, sera

1.0 Utangulizi

Safu ya milima ya Rwenzori, yenye kilele cha Margherita kinachofikia mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, imetenganisha dola mbili na kuunganisha watu wa asili moja. Upande wa Uganda wanaishi Wakonzo. Upande wa Kongo ndugu zao wa lugha na desturi huitwa Wanande. Mji wa Kasese upo katika tambarare ya mashariki ya milima. Mji wa Bwera upo kusini-magharibi mwa wilaya hiyohiyo, karibu na kivuko cha mpaka cha Mpondwe, ambako bidhaa na watu hupita kwenda Kasindi upande wa pili.

Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache tu kabla ya Uganda kupata uhuru tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo, viongozi wa Wakonzo na Waamba walitangaza kuwa Rwenzururu imejitenga na Ufalme wa Toro. Tangu siku hiyo swali moja limeulizwa na makamishna, waandishi wa habari, wanaanthropolojia, wanasayansi ya siasa na washauri wa serikali: kwa nini? Majibu ni mengi. Baadhi yamedumu na kuzaa utafiti mpya. Mengine yamenukuliwa mara nyingi bila kufafanua lolote.

Makala hii haikusudii kusimulia upya historia nzima ya Rwenzururu. Inakusudia kuonesha kwamba historia hiyo inaweza kusomwa kama historia ya kauli zinazoshindana, na kwamba mtafiti anayejiandaa kuandika makala ya kitaaluma anaweza kujifunza kutokana nayo namna ya kuunda kauli iliyo imara.

2.0 Mada, Dai na Kauli Kuu ya Hoja

Katika ufundishaji wa uandishi wa kitaaluma kwa Kiswahili, maneno matatu huchanganywa mara kwa mara: mada, dai na kauli kuu ya hoja. Mada ni eneo linalozungumziwa. "Harakati za Rwenzururu" ni mada. Haisemi kitu kinachoweza kukubaliwa wala kukataliwa. Dai ni sentensi inayosema jambo kuhusu mada. "Wakonzo walionewa na Toro" ni dai. Linaweza kuwa la kweli, lakini halielezi uonevu huo ulifanya kazi vipi, wakati gani, wala kwa nini uzae kujitenga badala ya kitu kingine. Kauli kuu ya hoja ni dai lililowekewa mipaka na kupewa sababu, kiasi kwamba sehemu zote za makala hupata kazi ya kulitetea, na msomaji mwenye ushahidi tofauti hujua mahali pa kulishambulia.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Waandishi chipukizi huona kauli isiyopingika kuwa ndiyo yenye nguvu. Hali halisi ni kinyume chake. Sentensi isemayo kwamba "mgogoro wa Rwenzururu una sababu nyingi za kihistoria, kisiasa na kiuchumi" haipingiki, kwa kuwa haijasema kitu. Kila mgogoro duniani unaweza kuelezwa kwa sentensi hiyohiyo kwa kubadilisha jina tu. Ikiwa sentensi inafaa kila mahali, haifafanui mahali popote.

3.0 Ramani Iliyotangulia Swali: 1891–1921

Kauli ya kwanza iliyoandikwa kuhusu nafasi ya Wakonzo katika dola ya kisasa haikuandikwa na mwanahistoria. Iliandikwa katika mkataba. Mwaka 1891 Frederick Lugard alimrejesha Kasagama katika kiti cha Toro, ufalme uliokuwa umejitenga na Bunyoro katika karne ya 19. Mwaka 1900 Harry Johnston, kwa niaba ya Uingereza, alitia saini mkataba na Kasagama uliomtambua kuwa mtawala wa Toro na kuorodhesha maeneo yaliyo chini yake. Miteremko ya Rwenzori na tambarare ya Busongora zikaingizwa katika mipaka hiyo. Mwaka 1910 makubaliano ya madola ya Ulaya kuhusu mpaka yakaipitisha mistari yao katika eneo la milima, na jamii moja ikajikuta katika makoloni mawili.

Mkataba wa aina hii una kauli kuu iliyofichika: kwamba watu wote wanaoishi ndani ya mstari fulani ni raia wa mtawala fulani. Haikuhitaji ushahidi kwa sababu haikuwasilishwa kama dai. Iliwasilishwa kama orodha. Hata hivyo, ilikuwa dai, na watu wa milimani waliijibu. Kati ya 1919 na 1921 Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya waliongoza upinzani dhidi ya utawala huo, wakakamatwa na kunyongwa mwaka 1921. Kumbukumbu zao ziliendelea kuishi katika masimulizi ya Wakonzo, na miaka 40 baadaye ziliingia katika lugha ya kisiasa ya Rwenzururu.

Funzo la kwanza kwa mtafiti linatoka hapa. Kabla ya kuandika kauli yake, anapaswa kuuliza ni kauli gani ambayo vyanzo vyake tayari vimeshaisema kimyakimya. Mtafiti anayeanza na sentensi "Wakonzo wa Toro waliasi mwaka 1962" ameshakubali mkataba wa 1900 kabla hajauchunguza, kwa sababu ya kiunganishi kimoja tu: "wa".

4.0 Chama cha Utafiti na Mabadiliko ya Dai: 1954–1962

Mwaka 1954 Isaya Mukirane, mwalimu wa shule, alianzisha chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo. Mwaka huohuo alisafiri milimani pamoja na Tom Stacey, mwandishi wa Kiingereza aliyevutiwa na jamii hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba taasisi iliyozaa harakati za kisiasa ilianza kwa jina la utafiti. Wanachama wake walikusanya masimulizi, desturi na kumbukumbu kwa sababu walielewa kwamba madai ya haki katika Uganda ya wakati ule yalihitaji kuegemea historia.

Mazingira yalikuwa yakibadilika haraka. Mgodi wa shaba wa Kilembe, karibu na Kasese, ulianza uzalishaji mwaka 1956, na reli ikafika Kasese mwaka huo. Utajiri ulitoka katika ardhi ya milima, ilhali nafasi za uongozi, elimu na utumishi katika serikali ya Toro ziliendelea kushikiliwa zaidi na Watoro. Malalamiko yaliyotolewa na Wakonzo na Waamba yalihusu mambo hayo pamoja na matumizi ya lugha ya Lutoro shuleni na katika ofisi.

Hapa ndipo mpangilio wa wakati unapokuwa na uzito. Katika mashauriano ya katiba ya Toro kuelekea uhuru, wawakilishi wa Wakonzo na Waamba walidai kwamba katiba iwataje waziwazi kuwa watu wa Toro walio sawa na Watoro. Dai hilo lilikuwa la usawa ndani ya ufalme. Lilipokataliwa, wawakilishi hao walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, mapema mwaka 1962, na dai likageuka kuwa la wilaya ya pekee. Viongozi wao, Mukirane, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walikamatwa. Kisha likaja tangazo la Juni. Baadaye Mukirane aliivika Rwenzururu sura ya ufalme kamili. Alipofariki mwaka 1966, mwanawe Charles Wesley Mumbere, akiwa bado kijana mdogo, alishika nafasi yake.

Mtafiti anayefupisha miaka hiyo kwa kusema kwamba "Wakonzo walitaka kujitenga" anafuta hatua mbili kati ya tatu. Dai la usawa, dai la wilaya na dai la ufalme ni madai matatu tofauti. Hayakutolewa siku moja, hayakuwa na wafuasi walewale wakati wote, na kila moja lingeweza kujibiwa kwa sera tofauti.

5.0 Tume na Neno "Vurugu"

Mwaka 1962 serikali iliunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Dkt. F. C. Ssembeguya. Jina rasmi la tume lilizungumzia vurugu za karibuni miongoni mwa Waamba na Wakonzo wa Toro. Tume iliyasikiliza malalamiko ya ubaguzi na kuyatambua, lakini haikuunga mkono wilaya ya pekee. Mwaka 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika maeneo yaliyoathirika, na majeshi yakapelekwa.

Ripoti ya tume hiyo bado ni chanzo chenye thamani kubwa. Tatizo lipo katika neno lililobeba mada yake. Vurugu ni nomino isiyo na mtenda. Katika Kiswahili, kama ilivyo katika lugha ya ripoti za kiserikali kwa jumla, ni rahisi kuandika "vurugu zilitokea", "maisha yalipotea", "uhusiano ulizorota". Sentensi hizo ni sahihi kisarufi, lakini zinamwondoa aliyetenda na aliyetendewa. Kiswahili kina nyenzo za kumrudisha: viambishi vya nafsi na vya mtendwa vinavyoshikamana na kitenzi, pamoja na kauli ya kutendwa inayoruhusu kumtaja mtenda kwa kiunganishi "na". "Wawakilishi walinyimwa na Rukurato nafasi ya kutajwa katika katiba" ni sentensi inayoweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa kumbukumbu za vikao. "Uhusiano ulizorota" haiwezi.

6.0 Wanazuoni Watatu, Kauli Tatu

Kazi tatu za kitaaluma zinaonesha namna mada moja inavyoweza kuzaa kauli tofauti zilizo imara.

Kirsten Alnaes, mwanaanthropolojia, alichapisha mwaka 1969 uchambuzi wa nyimbo za maasi ya Rwenzururu. Kwa kuchagua nyimbo kuwa ushahidi, alihamisha swali kutoka kwa yale ambayo serikali iliyaona hadi kwa namna waasi wenyewe walivyojieleza. Mipaka ya kauli ya aina hiyo iko wazi: inazungumzia maana ambayo watu waliyapa maasi, na haidai kumaliza suala la chanzo chake.

Martin Doornbos, katika makala ya mwaka 1970, aliiweka Rwenzururu kando ya Kumanyana, harakati za Bairu katika Ankole. Jamii zote mbili zilikabiliwa na ukosefu wa usawa ndani ya falme za magharibi mwa Uganda, lakini moja ilitafuta nafasi zaidi ndani ya mfumo na nyingine ikajitoa. Ulinganishi huo unaipa kauli nguvu ya pekee. Kama ubaguzi peke yake ungetosha kuzaa kujitenga, Bairu nao wangejitenga. Kwa hiyo mwandishi analazimika kutafuta sababu ya ziada katika tofauti za lugha, utamaduni, jiografia na kiwango cha kuunganishwa kwa kila jamii na ufalme wake.

Arthur Syahuka-Muhindo, katika utafiti wa mwaka 1991, aliichunguza Rwenzururu kama sehemu ya mapambano ya kidemokrasia. Mtazamo huo unaruhusu kuuliza swali ambalo neno "kabila" hulifunika: nani miongoni mwa Wakonzo alinufaika na harakati, nani alibeba gharama zake, na kwa nini viongozi wenyewe walitofautiana kuhusu njia ya kufuata.

Kauli hizi tatu hazikubaliani katika kila jambo, na hakuna haja zikubaliane. Kila moja imesema inategemea ushahidi wa aina gani, inafafanua nini na inaacha nini. Kwa sababu hiyo kila moja inaweza kuendelezwa au kusahihishwa na mtafiti mwingine. Maelezo ya "mgogoro wa kikabila" hayajawahi kusahihishwa kwa sababu hayana kiungo kinachoweza kushikwa.

7.0 Kauli na Sera: 1974, 1982, 2009, 2016

Umuhimu wa suala hili kwa washauri wa sera unaonekana katika hatua zilizochukuliwa na serikali mbalimbali. Mwaka 1974 serikali ya Idi Amin iliunda wilaya mbili za Rwenzori na Semliki, ambazo baadaye zilijulikana kwa majina ya Kasese na Bundibugyo. Hatua hiyo ilijibu dai la wilaya. Mwaka 1982 Mumbere aliteremka milimani baada ya mazungumzo na serikali ya Milton Obote, na mapambano ya silaha ya kizazi hicho yakafikia kikomo. Tarehe 19 Oktoba 2009 serikali ya Yoweri Museveni iliutambua rasmi Obusinga bwa Rwenzururu kuwa taasisi ya kitamaduni. Hatua hiyo ilijibu dai la ufalme.

Hata hivyo, Novemba 2016 mapambano kati ya vyombo vya usalama na walinzi wa Obusinga yalisababisha vifo vya zaidi ya watu 100, wengi wao katika uvamizi wa kasri la mfalme mjini Kasese. Mumbere alikamatwa na kushtakiwa. Mashtaka dhidi yake yaliondolewa mwaka 2023. Ushauri wowote wa kisera unaoanza na sentensi kwamba suala la Rwenzururu lilitatuliwa mwaka 1974, au mwaka 2009, unapaswa kueleza mwaka 2016.

Kuna upande mwingine. Wilaya ya Kasese si ya Wakonzo pekee. Wasongora, wafugaji wa tambarare, na Wanyabindi wana kumbukumbu na madai yao juu ya ardhi ileile. Hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1952, ambayo leo huitwa Queen Elizabeth, ilichukua sehemu kubwa ya malisho. Kauli isemayo kwamba "watu wa Kasese walidai kutambuliwa" inaonekana kuwa ya haki, lakini inayaweka madai ya jamii moja katika kinywa cha jamii zote. Mtafiti anayechunguza mwaka 1962 anaweza kuwaweka Wasongora nje ya swali lake kwa sababu maalumu. Mshauri wa sera ya ardhi hawezi. Kauli imara kwa kazi ya kwanza inaweza kuwa kauli yenye madhara katika kazi ya pili.

8.0 Kutoka Mada hadi Kauli: Mfano wa Hatua

Ili kuonesha utaratibu, tuchukue mtafiti anayekusudia kuandika kuhusu chimbuko la tangazo la Juni 1962. Hatua ya kwanza ni mada: "Chimbuko la Rwenzururu". Hatua ya pili ni dai pana: "Ubaguzi wa serikali ya Toro ulisababisha Rwenzururu." Dai hili linaangushwa na ulinganishi wa Doornbos, kwa kuwa ubaguzi wa Ankole haukuzaa kujitenga. Pia linaangushwa na kalenda: ubaguzi ulikuwapo kwa miongo kadhaa kabla ya 1962.

Hatua ya tatu ni kuuliza nini kilichokuwa kipya mwaka 1962. Jibu linalowezekana ni uhuru. Wakati wa ukoloni, mlalamikaji wa Toro angeweza kukata rufaa kwa ofisa wa Uingereza. Uhuru uliokuwa ukikaribia ungeifunga njia hiyo, na katiba ya Toro ingeamua nani anatambuliwa. Kauli inayozaliwa ni hii: "Viongozi wa Wakonzo na Waamba waliacha kudai usawa ndani ya Toro na kudai kujitenga mwaka 1962 kwa sababu kukataliwa kwao katika mashauriano ya katiba kulitokea wakati ambapo uhuru ulikuwa ukiondoa mamlaka pekee iliyokuwa juu ya Toro waliyoweza kuiendea."

Kauli hii ina mtenda, wakati, badiliko na sababu. Zaidi ya hayo, inaweka wazi namna inavyoweza kuvunjwa. Ikiwa barua au kumbukumbu za chama cha Mukirane kabla ya 1962 zitaonesha kwamba kujitenga kulikuwa lengo tangu mwanzo, kauli itapaswa kubadilishwa. Ikiwa zitaonesha kwamba viongozi waliitegemea serikali kuu mpya kuwa mwamuzi wa haki, sehemu ya sababu itadhoofika. Mtafiti anajua sasa atafute hati zipi, na awahoji wazee wa Bwera kuhusu nini.

9.0 Hitimisho

Vigezo vinne vinajitokeza. Kauli kuu ya hoja imtaje mtenda, badala ya kujificha nyuma ya nomino kama vurugu au mgogoro. Ibainishe wakati na badiliko, ili madai ya 1954, 1962 na 1966 yasichanganywe. Itoe sababu inayotofautisha tukio hili na mengine yanayofanana nalo. Na iseme, waziwazi au kwa umbo lake, ni ushahidi gani utakaoivunja.

Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 utekelezaji wa Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili na somo la lazima shuleni. Ripoti, tasnifu na nyaraka za sera kuhusu maeneo ya mpakani kama Bwera, ambako Kiswahili tayari ni lugha ya soko na kivuko, zitaandikwa zaidi na zaidi katika lugha hii. Vyuo vinavyoandaa waandishi hao vina wajibu wa kufundisha utofauti wa mada, dai na kauli kuu ya hoja kwa mifano ya historia ya eneo lenyewe. Asasi zinazopokea ripoti nazo zinaweza kuomba jambo moja dogo: kwamba ukurasa wa kwanza uwe na sentensi moja inayoweza kukanushwa. Katika Kasese, makosa ya sentensi ya namna hiyo yamelipwa na watu ambao hawakuiandika.